Duka la Bamberger na Sauti ya Ghorofa ya Sita

Tarehe 22 Februari 1922, sikukuu ya kuzaliwa kwa George Washington, duka la L. Bamberger & Co. la mjini Newark, jimbo la New Jersey nchini Marekani, lilianza kurusha matangazo ya redio kutoka ghorofa yake ya sita. Kituo kilipewa herufi WOR. Kipaza sauti chake cha kwanza kilikuwa cha kuungaunga: sehemu ya kusemea ya simu ilifungwa kwenye bomba la kupazia sauti, na mdomo mpana wa bomba hilo ukaelekezwa kwenye gramafoni iliyokuwa ikipiga "April Showers" ya Al Jolson. Wimbo ulipita kwenye bomba, ukaingia kwenye simu, ukapanda hadi kwenye waya za juu ya paa, na wenye redio wakaupokea majumbani mwao.

Kituo hicho kingali hewani, na sasa kimevuka miaka mia moja. Duka lililokizaa halipo tena. Watu wengi wanaposimulia mwanzo wa utangazaji huanzia kwa wavumbuzi na wanasiasa, nao wanastahili kutajwa. Lakini redio isingeingia sebuleni kwa kasi ile kama pasingekuwa na wafanyabiashara waliozoea kuuza mapazia, viatu na vyombo vya jikoni, wakaona kwamba bidhaa hii mpya haifanani na nyingine yoyote. Pazia ukilinunua unalitundika, basi. Redio ukiinunua ukakosa cha kusikiliza, umenunua sanduku la mbao lenye waya. Aliyetaka kuiuza ilimbidi kwanza atafute sauti ya kuitia ndani, na sauti hiyo aitoe bure.

Louis Bamberger alizaliwa Baltimore mwaka 1855. Alikuja Newark mwaka 1892, akanunua mali ya duka la Hill & Craig lililokuwa limefilisika, kwa nia ya kuiuza yote upesi na kuondoka. Mauzo yalimwendea vizuri mno hata akaamua kubaki. Washirika wake walikuwa wawili: Louis Frank, aliyekuwa shemeji yake, na Felix Fuld. Frank alipofariki mwaka 1910, mjane wake Caroline, dada yake Bamberger, baadaye aliolewa na Fuld. Bamberger mwenyewe hakuoa, akaishi nyumba moja na dada yake na shemeji yake huyo wa pili. Biashara ile kwa hiyo ilikuwa ya ukoo kwa maana kamili ya neno, na hilo lilionekana katika namna walivyoiendesha. Kila kitu kilikuwa na bei yake iliyoandikwa, hakuna kuvutana na muuzaji, na mteja asiyeridhika alirudisha bidhaa akapewa fedha yake.

Mwaka 1912 walihamia jengo jipya lililochorwa na msanifu Jarvis Hunt, katika mitaa ya Market na Halsey. Newark wakati huo ulikuwa mji wa viwanda, na sensa ya mwaka 1920 ilikuta una wakazi zaidi ya 400,000. New York ilikuwa ng'ambo ya mto Hudson, karibu kiasi cha mwenye duka wa Newark kuwa na hofu kila siku kwamba wateja wake watapanda treni waende kununua huko. Naamini hofu hiyo ndiyo iliyomfanya Bamberger awe mwepesi wa kukumbatia jambo jipya. Alikuwa mtu wa haya, asiyependa kuhutubia wala kupigwa picha. Hata hivyo ndiye aliyefungua mlango kwa sauti za watu wengine.

Wazo la duka na redio kwenda pamoja lilikuwa limeanzia Pittsburgh. Huko mhandisi wa Westinghouse aitwaye Frank Conrad alikuwa akirusha muziki wa santuri kutoka kwenye banda la gari nyumbani kwake, kwa kujifurahisha yeye na wenzake wenye mitambo. Tarehe 29 Septemba 1920 duka la Joseph Horne liliweka tangazo katika gazeti la Pittsburgh Sun: muziki wa Conrad umesikika hewani, na vifaa vya kuupokea vinapatikana dukani kuanzia dola 10. Makamu wa rais wa Westinghouse, Harry P. Davis, alilisoma tangazo lile akaona jambo ambalo kampuni yake ilikuwa inalo mkononi bila kulijua. Mpaka hapo redio ilihesabiwa kuwa chombo cha kupelekeana habari kati ya mtu na mtu, meli na bandari. Tangazo la duka lilionyesha kwamba fedha iko kwa msikilizaji wa kawaida, asiyetaka kujibu chochote. Davis aliamuru kijengwe kituo haraka, na tarehe 2 Novemba 1920 KDKA ikatangaza matokeo ya uchaguzi wa urais kati ya Harding na Cox. Mwanzo wa utangazaji wa Marekani unatokana, kwa sehemu isiyo ndogo, na tangazo la dukani.

Mwaka uliofuata Westinghouse ilifungua kituo kingine, WJZ, katika kiwanda chake cha Newark. Mnamo Oktoba 1921 WJZ ilipasha habari za fainali za besiboli, na ghafla kila mtu wa Newark akataka redio. Duka la Bamberger halikuwa mbali na hapo. Angeweza kuuza redio na kuacha Westinghouse igharimie matangazo. Badala yake alinunua mtambo wa kurushia matangazo wa kampuni ya De Forest, akaajiri fundi kijana, Jack Poppele, aliyewahi kufanya kazi ya simu za upepo melini, akamkabidhi ghorofa ya sita.

Inafaa kueleza mteja wa mwaka 1922 alikuwa akiuziwa nini hasa, maana redio waliyoijua bibi na babu zetu, ya kubonyeza na kuzungusha kitufe, ilikuwa bado. Ya bei nafuu ilikuwa redio ya jiwe. Ndani yake mna kipande cha madini ya galena, kidogo kama punje ya hindi, na juu yake waya mwembamba kama unywele. Msikilizaji huvaa visikizi masikioni, kisha huanza kupapasa jiwe kwa ncha ya ule waya, taratibu, akitafuta mahali panapoitikia. Anaweza kupapasa dakika nzima asipate kitu. Halafu ghafla sauti ya mtu inaingia sikioni, ndogo, safi, bila betri wala umeme wa nyumba. Mtu akipita chumbani kwa kishindo, waya unateleza, na kazi inaanza upya. Sauti ile ilimtosha mtu mmoja. Familia iliyotaka kushiriki iligawana visikizi, baba sikio la kushoto, mtoto la kulia.

Mwenye uwezo zaidi alinunua redio ya valvu. Hiyo ilitaka betri ya asidi kama ya gari ili kuwasha valvu, na betri nyingine kavu za volti nyingi, na waya mrefu wa kutandaza juu ya paa, na mwingine wa kuzika ardhini. Asidi ilimwagika ikatoboa mazulia. Na redio za valvu za wakati ule, ukizidisha kuikaza moja ili kuvuta kituo cha mbali, yenyewe iligeuka kuwa mtambo wa kurusha, ikapiga mluzi katika redio za majirani wote. Ugomvi wa mitaani kwa ajili ya miluzi hiyo ulikuwa mkubwa. Hapo ndipo duka kama la Bamberger lilipokuwa na faida juu ya fundi wa uchochoroni. Lilikuwa na nafasi ya kuonyesha chombo kikifanya kazi, wauzaji wa kumwelekeza mteja, na jina ambalo mama wa nyumbani alikwisha kuliamini kwa mashuka na vikombe. Vijana nao walifika kununua vipande: koili, soketi, visikizi, wakaenda kujiundia nyumbani.

Mnunuzi akishafunga vyote hivyo, alitaka kusikia kitu jioni ileile. Mwanzoni serikali ilivipa vituo vya burudani wimbi moja tu, mita 360, na wote wa eneo la New York na Newark walilazimika kupokezana saa. WJZ na WOR na wengine waliteta kuhusu nani azungumze lini. Aliyekataa kunyamaza alimharibia mwenzake na msikilizaji pia. Nafuu ilikuja mwaka 1923, WOR ilipopewa mita 405 ambayo nayo iliigawana na kituo kingine.

Waliokuja kuimba na kupiga ala hawakulipwa. Walikuja kwa kutaka kujulikana, au kwa kuona ajabu ya chombo chenyewe. Studio za miaka ile zilizungushiwa mapazia mazito kuta zote ili kuzuia mwangwi, joto likawa kali, na mwimbaji aliyezoea kuona nyuso za watu akajikuta anakiimbia chuma. Miongoni mwa waliozisimamia kazi hizo WOR alikuwa Jessie Koewing, mpiga fidla, mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kuwa watangazaji wa redio Marekani. Nawaomba wasomaji walishike jina hilo. Miaka michache tu baadaye wakuu wa vituo walianza kudai kwamba sauti ya mwanamke haifai hewani, na dai hilo likawafungia wengi mlango kwa muda mrefu, wakati duka la Newark lilikuwa limekwisha kuthibitisha kinyume chake.

Sasa tufike kwenye kesi, kwa maana bila kesi hiyo historia ya duka hili haijatimia. Chama cha watunzi na wachapishaji wa muziki, ASCAP, kilichoundwa mwaka 1914, kilianza kuvitaka vituo vya redio vilipie nyimbo vinazotumia. Vituo viligoma. Wachapishaji M. Witmark & Sons wakaishitaki L. Bamberger & Co. katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey kwa kurusha wimbo "Mother Machree" bila ruhusa. Sheria ya wakati ule ilimpa mtunzi haki juu ya wimbo ukipigwa hadharani kwa ajili ya faida. Bamberger wakajitetea: sisi hatumtozi msikilizaji hata senti, faida iko wapi? Tena wakaongeza kwamba wimbo ukisikika redioni, karatasi zake za muziki zitauzwa zaidi, kwa hiyo mtunzi anafaidika.

Hukumu ilitoka Agosti 1923. Jaji Charles Lynch hakuhangaika kutafuta mbali. Aliangalia maneno ambayo kituo kilikuwa kikiyasema hewani kila siku, yanayomtaja L. Bamberger & Co. kuwa mojawapo ya maduka makubwa ya Marekani. Kama duka halikuwa na nia ya kujinufaisha, akauliza, kwa nini jina lake litajwe? Duka lenyewe lilikuwa na idara inayouza redio. Alikuwa na mfano wa kuegemea: mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba mgahawa wenye wanamuziki unapata faida kutokana na muziki hata kama mlaji halipii wimbo, kwa kuwa muziki usingekuwa na faida mwenye mgahawa angeuacha. Na kuhusu lile la kumtangazia mtunzi wimbo wake, jaji alikiri kwamba huenda ni kweli, ila akasema mwenye mali ndiye mwamuzi bora wa namna ya kuieneza. Bamberger wakashindwa.

Kwa maoni yangu ilikuwa hukumu ya haki, na ninaisema nikiwa na mapenzi makubwa na duka hili. Lilitoa muziki bure kwa mamilioni ya masikio, lakini muziki huo haukuwa wake wa kuutoa. Kila mwenye hoteli, baa au basi katika miji yetu anayelalamika leo akitakiwa alipie nyimbo anazopigia wateja, hoja yake ni ileile ya Bamberger ya mwaka 1923, na jibu lake limekwisha kutolewa. Wamiliki wa vituo, kwa kuiona hatari inakuja, walikuwa wameunda chama chao cha kitaifa mwaka huohuo. Tangu hapo redio ya Marekani ilikubali kwamba bure ya msikilizaji lazima mtu mwingine ailipe.

Bamberger hawakuwa peke yao. Orodha ya vituo ya mwanzo wa mwaka 1923 ilionyesha maduka makubwa 29 yenye vituo vyao, mbali na wauzaji na watengenezaji wa redio na vifaa vya umeme waliokuwa na vituo zaidi ya 200. Philadelphia pekee ilikuwa na manne: Gimbels, Strawbridge & Clothier, Lit Brothers na Wanamaker, ambaye kituo chake kilirusha sauti ya kinanda kikubwa cha mabomba kilichokuwa katikati ya duka. Mauzo ya redio na vifaa vyake Marekani nzima yalikuwa dola milioni 60 mwaka 1922, na kufikia mwaka 1924 yalikuwa dola milioni 358. Hata hivyo vituo vingi vya maduka havikudumu. Mitambo ilizidi kuwa ghali, wasanii wakaanza kudai malipo, na mwenye duka aliyekwisha kuuza redio za kutosha akajiuliza kwa nini aendelee kugharimia vipindi ambavyo mshindani wake wa mtaa wa pili anavitumia vilevile kuuzia redio zake. Kituo cha Wanamaker kilinyamaza kabla ya miaka kumi kwisha. Vya Strawbridge na Lit vikaunganishwa kuwa kimoja mwaka 1935.

WOR ilipona kwa sababu ilijifunza mapema kuwa kituo cha watu, zaidi ya kuwa mkono wa duka. Kituo kilianza kutumia studio za Manhattan, wasanii walikokuwa, na mwaka 1926 kikajikita Broadway. Mwaka 1925 kilianza kipindi cha mazoezi ya viungo cha alfajiri, kikiongozwa na mchapishaji wa magazeti ya afya, Bernarr Macfadden. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja Macfadden hakutokea, na fundi wa zamu, Mwingereza John B. Gambling, akakaa mbele ya kipaza sauti akahesabu mazoezi yeye mwenyewe. Hakutoka tena. Baada yake alikuja mwanawe, na baada ya mwanawe mjukuu, wote wakiitwa John Gambling, wakiwaamsha watu wa New York kituo kilekile. Nasaba kama hiyo ya watangazaji ni nadra mahali popote.

Mtandao wa CBS ulipozaliwa tarehe 18 Septemba 1927, WOR ndiyo iliyokuwa kituo chake kiongozi. Mwaka 1934 WOR na vituo vya Chicago, Cincinnati na Detroit viliunda mtandao wao wenyewe, Mutual, ambao tofauti na mingine ulimilikiwa na vituo vyenyewe. Mwaka 1935 nguvu ya mtambo wake ilifika wati 50,000.

Kufikia hapo Bamberger mwenyewe alikuwa ameondoka. Fuld alifariki Januari 1929, na katikati ya mwaka huo Bamberger na dada yake waliuza duka pamoja na kituo kwa kampuni ya maduka ya Macy's ya New York, miezi michache kabla soko la hisa halijaanguka. Kabla ya kuaga, Bamberger aligawa dola milioni 1 kwa wafanyakazi waliomtumikia kwa muda mrefu. Sina haja ya kupamba jambo hilo. Wakubwa wa biashara wa siku hizi wanaouza kampuni na kuwaacha watumishi wao langoni wangefaa kulisoma mara mbili.

Kiasi kingine kikubwa cha fedha kilikwenda kwenye elimu. Ndugu hao wawili walitaka kujenga chuo cha udaktari Newark, lakini mtaalamu waliyemwendea, Abraham Flexner, aliwashawishi waanzishe mahali ambapo wataalamu wangefanya utafiti bila kuulizwa unaleta faida gani. Mwaka 1930, kwa dola milioni 5 za kuanzia, ikazaliwa Taasisi ya Utafiti wa Juu ya Princeton. Albert Einstein alijiunga nayo mwaka 1933. Mwaka 1939 Flexner aliandika makala maarufu kuhusu manufaa ya maarifa yasiyo na manufaa, na mfano aliouchagua ulikuwa redio: alishikilia kwamba heshima ya uvumbuzi huo ni ya wanafizikia Maxwell na Hertz, waliotafuta ukweli wa mawimbi kwa ajili ya ukweli wenyewe, na kwamba sehemu ya mvumbuzi Marconi ilikuwa ndogo. Fedha zilizomwezesha kuisimamia hoja hiyo zilitoka kwa muuza duka aliyekuwa amewauzia watu wa New Jersey redio. Mimi naona kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na muuza duka asiachwe nje ya hesabu.

Louis Bamberger alifariki mwaka 1944. Macy's iliuza kituo mwaka 1952. Jina la Bamberger liliondolewa madukani mwaka 1986, na duka la katikati ya Newark likafungwa mwaka 1992. Jengo la mwaka 1912 halikubomolewa. Leo, katika anwani ya 165 Halsey Street, ghorofa zake zimejaa kompyuta na nyaya za kampuni za simu na intaneti, kwa hiyo sauti na habari zingali zinapita mlemle. WOR inasikika katika kilohertz 710.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna historia ya namna hii ambayo haijaandikwa. Wapo bado wazee waliouza redio za zamani katika maduka ya Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala, waliochaji betri za wateja, walioweka redio moja mlangoni ili mtaa mzima usikie. Wapo mafundi waliozitengeneza, na daftari za mkopo zinazooza ndani ya masanduku. Mwenye baba au babu wa aina hiyo amkalishe sasa, amhoji, amrekodi, aziokoe zile daftari.